Japanese-made, French-made: kuandika asili ya bidhaa kwa Kiingereza

Kazi yangu ni kuhariri maelezo ya bidhaa yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na hakuna mahali ninapokaza macho kama pale panaposema kitu kimetengenezwa wapi. Mnunuzi hutoa pesa akiyaamini maneno mawili tu, kama Japanese-made (iliyotengenezwa Japani).

Neno la kwanza liwe kivumishi cha nchi, si jina lake: Japanese-made, si Japan-made. Wengi hukwama pale viwili hivyo visipofanana, kama Uholanzi (Dutch-made) au Uswisi (Swiss-made). Vifupisho hubaki vilivyo: US-made. Kistari huwekwa kivumishi kinapotangulia nomino, “a Turkish-made carpet”. Baada ya nomino mimi hupendelea “made in Turkey”, husomeka vizuri zaidi. Vielezi vyenye -ly havitaki kistari: locally made shoes.

Hayo ni mepesi. Panapohitaji umakini ni kwenye maana. French car na French-made car si kitu kimoja. Toyota ilianza kuunda Yaris huko Valenciennes, Ufaransa, mwaka 2001. Gari linalotoka kiwandani hapo ni French-made, ila kampuni ni ya Kijapani, na ukiifuta hiyo made unampa msomaji habari nyingine kabisa.

Pia usiibandike made kila mahali. Chai na maua ni grown. Mashine iliyochorwa nchi moja na vipuri vyake kufungwa nyingine ina asili mbili, basi zitaje zote. Apple waliwahi kuandika kwenye simu zao “Designed by Apple in California” na “Assembled in China”. Kila mahali pamepewa kitenzi chake, na napenda sana uandishi wa namna hiyo.

Sheria nazo zimo. Marekani, tume ya biashara ya shirikisho huichukulia American-made sawa na Made in USA: bidhaa iwe imetengenezwa huko yote, au karibu yote. Uswisi, tangu 2017, bidhaa ya kiwandani haiwezi kujiita Swiss-made kama chini ya asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza ni za huko.

Kwa hiyo kabla sijaandika humuuliza mwenye bidhaa: malighafi imetoka wapi, na imekamilishwa wapi? Asiponijibu, kivumishi cha nchi hakiingii. Naandika jina la bidhaa na vipimo vyake tu.