Rais "hawezi" au "haruhusiwi"?

SWALI: Katika habari yangu niliandika kwamba Rais wa Tanzania "hawezi kulivunja Bunge kila anapotaka". Mhariri akafuta "hawezi", akaweka "haruhusiwi". Hoja yake: kuweza anaweza, ana jeshi na polisi, ila sheria inamkataza. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme "mipaka" au "ukomo" wa mamlaka ya Rais?

JIBU: Mhariri wako ameona utata wa kweli, ila neno alilolipachika limeharibu zaidi.

Kitenzi -weza kina maana zaidi ya moja. Kuna kuweza kwa nguvu, yaani kwa fedha, watu na silaha, na kuna kuweza kwa sheria. Pwani na visiwani ipo na ya tatu: ukisema "Rais hawezi" ukanyamaza hapo hapo, utaulizwa amelazwa wapi. (Hata hiyo Katiba imeifikiria. Ibara ya 37 inaeleza namna Baraza la Mawaziri, Jaji Mkuu na bodi ya madaktari wanavyohusika Rais akishindwa kazi kwa maradhi.) Wewe uliandika kuweza kwa sheria, mhariri akasoma kuweza kwa nguvu.

Sasa tazama Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 yenyewe inavyosema. Ibara ya 90(2) inaanza hivi: "Rais hatakuwa na uwezo wa kulivunja Bunge wakati wowote isipokuwa tu", kisha yanatajwa mazingira machache, mojawapo likiwa Bunge kukataa kupitisha bajeti ya Serikali. Haikuandikwa "hataruhusiwa". Nje ya mazingira hayo uwezo wenyewe haupo. Rais akisimama akatangaza kwamba amelivunja, tangazo litasikika na pengine milango ya ukumbi itafungwa, lakini kisheria hakuna kilichovunjwa. Wanasheria wana neno lao kwa kitendo cha namna hiyo: batili.

Kukatazwa ni habari nyingine. Dereva haruhusiwi kupita kwenye taa nyekundu. Akipita, amepita, na kinachofuata ni faini. Tendo limefanyika, mtendaji ana kosa. Kwa hiyo msomaji wa "Rais haruhusiwi kulivunja Bunge" ana haki ya kuelewa kwamba akilivunja litakuwa limevunjika, na yeye atalaumiwa tu. Hivyo sivyo ibara inavyosema. Hapo tofauti ya kitenzi kimoja imegeuka kuwa tofauti ya sheria.

Katiba inalitumia "ruhusu" inapolihitaji. Ibara ya 40(4) inamzungumzia Makamu wa Rais aliyeshika kiti cha Rais katikati ya kipindi: akikaa chini ya miaka mitatu "ataruhusiwa" kugombea mara mbili, akifikisha miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Hapo kuna mtu anayeomba nafasi na sheria inayomfungulia au kumfungia mlango, kwa hiyo neno limekaa mahali pake. Hata "marufuku" limo, katika ibara ya 46, ila angalia linamlenga nani: ni marufuku kumshtaki Rais kwa kosa la jinai angali madarakani. Anayekatazwa ni mshtaki. Na ibara ya 97(4) inakwenda mbali zaidi. Rais akikataa kuukubali muswada, Bunge likaurudisha kwake kwa kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, anatakiwa aukubali ndani ya siku 21, "la sivyo itabidi alivunje Bunge". Yule yule aliyenyimwa uwezo wa kulivunja apendavyo, hapa analazimika kulivunja. Nani angeipata tofauti hiyo kwa kutumia "haruhusiwi" kila mahali?

Kwa habari yako ningeandika: "Rais hana mamlaka ya kulivunja Bunge kila anapotaka." Au, ukitaka kuwa karibu zaidi na matini, "Katiba haimpi Rais uwezo wa…". Sentensi yako ya awali haikuwa kosa, maana neno "kila anapotaka" linaelekeza kwenye sheria. Ilibaki na mwanya tu.

Hukuniuliza kuhusu -ta-, lakini kwa kuwa unaandika habari za Katiba, jihadhari nayo. Ibara ya 40(2) inasema: "Hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili kushika kiti cha Rais." Kiambishi hicho katika sheria hakitabiri, kinaagiza. Mwandishi akikihamisha kama kilivyo hadi gazetini na kuandika "Rais hatachaguliwa tena", sentensi inasikika kama ubashiri wa mpiga ramli kuhusu kura za mwakani. Gazetini sema "hastahili kuchaguliwa tena" au "Katiba imemfungia kugombea". Nimewahi kuona vichwa vya habari vya aina hiyo vikizua ubishi mrefu ambao chanzo chake kilikuwa silabi moja.

Kuhusu mipaka na ukomo, yote mawili ni sahihi, kila moja kwa kazi yake. Ukomo ni wa muda: ukomo wa urais, ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Mipaka ni ya eneo la kazi, yaani kipi kimo mikononi mwake na kipi ni cha Bunge au Mahakama. Rais aliye katika mwaka wake wa kwanza bado yuko mbali na ukomo, lakini mipaka anayo tangu siku ya kuapishwa. "Ukomo wa mamlaka" ningeuepuka, maana msomaji hajui kama unahesabu miaka au unataja madaraka.