Wastani wa masika na mvua ya shambani kwako

Mwaka ule nilipanda ekari mbili za mahindi kwa mvua moja. Ilikuwa katikati ya Machi, huku kwetu Muheza, mkoani Tanga. Mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi udongo ulikuwa umelowa hadi kina cha jembe. Marehemu baba alikuwa akipanda tarehe hizo hizo kila mwaka, nami sikuona sababu ya kungoja. Mbegu zote nikazimaliza kwa siku mbili. Kisha mvua ikakata. Siku kumi zikapita, zikawa kumi na tano, mahindi yakiwa na majani matatu tu, na ikifika saa nne asubuhi yamekwisha kujikunja. Mei ikaja mvua ya kumwaga, ikanyeshea magugu.

Msimu ulipokwisha nilikutana na bwana shamba wetu, nikamwambia kuwa mwaka huu masika hayakuwepo. Akafungua daftari lake, akajumlisha Machi, Aprili na Mei mbele yangu. "Mbona mvua imefika wastani, mama?" Nilikasirika sana, kwa sababu nilikuwa nimetoka kununua debe la mahindi sokoni, mimi mkulima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayelisikia neno "wastani" redioni kila mwaka na kuamua mbegu na fedha zake kwa neno hilo.

Wastani wanaousema wataalamu ni wa miaka mingi. Kawaida huchukuliwa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Mvua ya masika ya kila mwaka katika kipindi hicho hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa 30. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulinganisha msimu na kiwango hicho. Mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu, huitwa ya wastani. Ikipungua chini ya 75 ni chini ya wastani, ikizidi 125 ni juu ya wastani.

Hebu tupige hesabu. Chukulia wastani wa masika mahali pako ni milimita 400. Mwaka wa milimita 300 utaitwa wa wastani, na mwaka wa milimita 500 utaitwa hivyo hivyo. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, na ekari moja ina mita za mraba 4,000 na ushei. Basi tofauti ya hizo milimita 200 ni zaidi ya lita laki nane kwa ekari moja! Hayo ni maboza themanini ya lita 10,000 kila moja, na misimu yote miwili ina jina moja. Wala hakuna aliyedanganya hapo. Neno limebeba eneo kubwa na miaka mingi, ila shamba lako ni moja na mwaka ni huu.

Tena mahali penyewe hupishana. Ukisimama Muheza mjini ukatazama Usambara Mashariki, unaiona milima ya Amani, ambako kwa mwaka hunyesha karibu milimita 1,900. Ukiizunguka Usambara hadi upande wa Mkomazi, mvua haifiki hata nusu ya hiyo, kwa sababu mawingu yatokayo baharini yamekwisha kumwaga maji yake upande wa huku. Kote huko ni mkoa wa Tanga. Utabiri ukitaja mkoa, usidhani umetajwa wewe. Waulize wenye kumbukumbu za karibu: ofisi ya kilimo ya wilaya, au mashamba makubwa ya mkonge na chai, maana baadhi yake yamepima mvua kwa miaka mingi. Mimi nilipopata wastani wa kituo kilicho karibu nami, niliunakili kwenye jalada la daftari, mwezi kwa mwezi, na hadi leo ndicho kipimo changu cha kwanza.

Jambo lililoniumiza mimi, lakini, halikuwa jumla. Lilikuwa mpangilio. Mahindi hayanywi jumla ya miezi mitatu, yananywa ya wiki hii. Kwa hiyo utabiri unapotoka, kabla ya Machi kuanza, mimi sisikilizi kwanza kama mvua ni nyingi au chache. Nasikiliza inaanza lini, inaisha lini, na kama wametaja vipindi virefu vya ukavu. Baada ya hapo nafuatilia taarifa za kila siku kumi, kwa sababu utabiri wa msimu mzima hauwezi kujua vimbunga vitakavyozaliwa baharini. Mwaka 2019 uliwafunza wengi. Kimbunga Idai kiliingia Beira, Msumbiji, katikati ya Machi, na unyevu uliopaswa kuja kwetu na kwa jirani zetu Kenya ukavutwa kusini. Sehemu kubwa ya Machi na Aprili ikawa kavu. Miaka mitano baadaye, masika ya 2024, yakawa mafuriko Rufiji, Morogoro na sehemu nyingi za Kenya, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu.

Habari ya siku kumi wazee wa pwani wanaijua zamani. Walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili, wakaugawa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kila mwongo una kazi yake ya shamba au bahari. Siku moja nilimsomea mzee jirani taarifa ya hali ya hewa kwenye simu, akaniambia, "Mwanangu, huo si mwongo tu?" Nami nikaona ni kweli. Tangu hapo daftari langu nimelipiga mistari kwa siku kumi kumi badala ya mwezi.

Na daftari ndilo ninalokuomba uanze nalo. Kipima mvua cha dukani ni kizuri, lakini chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha kuanzia, mradi iwe na ubavu ulionyooka. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kupungua upana, igeuze iwe mdomo wa kupokelea. Chini ya chupa pana mabonde, kwa hiyo weka changarawe kidogo, mimina maji hadi yafike palipo sawa, uchore alama ya sifuri hapo. Kutoka hapo panda na rula, milimita kwa milimita. Ifunge kwenye mti uliochimbiwa mahali pa wazi, mbali na paa na matawi. Kama mwembe una urefu wa mita tano, kaa mita kumi kutoka ulipo. Soma saa tatu asubuhi kila siku, saa ile ile wanayosoma vituoni, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi. Sifuri zikipangana kumi na mbili, ndipo unapouona ukavu kwa macho.

Chupa yangu ya kwanza niliifunga karibu na jiko, ikawa inapokea matone ya makuti. Nilipoihamisha ndipo nikajua nilikuwa napima paa.

Joto nalo tusilisahau, maana wengi tunapima mvua tu. Huku kwetu Machi ni mwezi wa jua kali, mchana nyuzi 32 au 33, kisha kusi, upepo utokao kusini, ikishika joto linashuka. Kusi ikichelewa, au usiku ukibaki na joto kupita wastani wake, udongo unakauka upesi na milimita zile zile hazifanyi kazi ile ile. Mwaka 2024 ndio uliokuwa na joto kubwa kuliko yote kwa dunia nzima tangu vipimo vianze. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 aliyoitegemea baba yangu si lazima initoshe mimi. Mimi sina kipimajoto cha kitaalamu. Ninacho kile cha ukutani, nimekitundika kivulini barazani, nakisoma alfajiri na saa tisa alasiri.

Sasa nafanya hivi. Sipandi kwa mvua moja. Nangoja chupa inionyeshe angalau milimita 25 ndani ya siku mbili tatu, na taarifa ya siku kumi isiwe na ukavu mbele. Hata hapo napanda nusu tu. Nusu nyingine nangoja mwongo unaofuata. Eneo la juu lenye kichanga naliwekea mbegu ya muda mfupi kama Situka, bondeni naweka ya muda mrefu. Mihogo na kunde siachi. Fedha ya mbolea ya kukuzia naitenga, lakini sinunui mpaka nione mvua imeshika.

Jirani zangu wanne wamefunga chupa zao. Jumapili tunalinganisha madaftari barazani kwangu. Juzi kwangu ilikuwa milimita 31, kwa yule wa ng'ambo ya mto 9, na hatupishani hata kilomita mbili. Yeye bado hajapanda, na mbegu zake zimo ndani ya kopo, zimefungwa vizuri.