Sima Guang siye Sima Qian

Ndugu muulizaji, umeuliza kama Sima Guang ndiye yule mwanahistoria wa China aliyehasiwa kwa amri ya mfalme. Siye. Huyo ni Sima Qian wa enzi ya Han, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 1,000. Wanachoshiriki ni jina la ukoo na kazi ya kalamu.

Sima Guang (1019–1086) alikuwa afisa wa enzi ya Song. Alipoyapinga mageuzi ya waziri mkuu Wang Anshi na kushindwa, aliondoka katika mji mkuu, Kaifeng, akahamia Luoyang mwaka 1071, na huko, akisaidiwa na wasomi wachache, akaendeleza tarikh ambayo kwa jumla ilimchukua miaka 19. Tarikh hiyo, Zizhi Tongjian, aliyoikabidhi kwa mfalme Shenzong mwaka 1084, ina majuzuu 294 na inasimulia mambo mwaka baada ya mwaka, tangu 403 KK hadi 959 BK, ilhali Sima Qian aliipanga sehemu kubwa ya kitabu chake kwa wasifu wa watu. Kinachonivutia zaidi ni majuzuu mengine 30 ambayo Sima Guang aliyaambatisha, ambamo anaziweka kando kwa kando habari zinazopingana kuhusu tukio moja na kueleza kwa nini ameikubali hii na kuikataa ile.

Inasimuliwa pia kwamba alilalia mto wa gogo la mviringo, ili akijigeuza ubingirike naye aamke kuendelea na kazi.

Mwaka 1085 aliitwa tena serikalini, akaanza kuifuta mipango ya Wang Anshi, akafariki mwaka uliofuata.