Kwa mnaoanza kazi hotelini Moshi: kantini, utani na bonanza

Wadogo zangu mnaotoka VETA Njiro na vyuo vingine kuja kuanza kazi kwenye hoteli za Moshi, kutandika kitanda mnajua, na sahani tatu kwa mkono mmoja mnabeba. Mtakachokuta hamjafundishwa ni kuishi na dobi, mlinzi, mpishi na mtu wa mapokezi kama watu wa nyumba moja.

Ngoja siku wageni wanapotoka mlimani. Makundi yaliyopanda kwa njia ya Machame hushukia geti la Mweka, na magari mawili matatu yanaweza kuingia hotelini mchana huohuo. Wageni wana siku kadhaa hawajaoga, wote wanataka maji ya moto saa ileile, nguo zimejaa tope, na kuna wanaoondoka kesho alfajiri kwenda Tarangire wakitaka zikiwa zimekauka. Dada wa mapokezi akimpigia dobi mapema, "Mama, wameshatoka Mweka," kazi inateleza. Akisahau, jioni jikoni watagombana na wahudumu, na wasafisha vyumba watamnunia mlinzi aliyeacha buti zipite korido. Maelekezo ya kupiga simu hiyo yamebandikwa ukutani hoteli nyingi tu. Anayekumbuka kuipiga ni yule aliyekula makande meza moja na dobi jana yake.

Kwa hiyo kantini usijibanze na idara yako. Wakubwa waamkie shikamoo kwanza, hata kama wewe una diploma na yeye anafagia bustani. Wiki ya Kilimanjaro Marathon, vyumba vimejaa na wakimbiaji wa kilomita 42 wanataka chai kabla hakujapambazuka, usishangae kumkuta mhasibu anamenya matikiti. Chukua kisu, umsaidie.

Utani upo mwingi, na ni mtamu. Mchaga na Mpare ni watani, na asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga kuna watu watapita mlango wa nyuma kukwepa maneno. Lakini usitaniane mbele ya mgeni. Asiyejua Kiswahili akisikia kicheko atadhani anachekwa yeye, na hapo hakuna maelezo yatakayomtuliza. Mwili wa mtu, ndoa yake na mshahara wake uviache kabisa. Mtu akishanyamaza, basi, usimfuate na utani wa pili.

Bonanza mara nyingi hupangwa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kufukuza kuku, kisha mpira na nyama choma. Mimi sipendi kabisa idara kushindana na idara: jikoni wakiwafunga mapokezi, mtayasikia hayo mpaka Julai. Changanyeni timu, mpishi awe golini, beki wake awe mtunza bustani. Na meneja asiachiwe goli la huruma. Kila mtu anaona, naye anajua.

Furaha yote hiyo huharibiwa haraka na tipu. Kabla hujaweka noti mfukoni, uliza utaratibu wa hoteli yako, kama kuna boksi la pamoja au kila mtu na yake. Dobi na waosha vyombo hawaonwi na mgeni, na penye boksi, hilo ndilo fungu lao. Ukibainika unaficha, hakuna bonanza litakalokurudisha kundini.

Halafu kuna mchezo, ule wa kuchangiana na kupokezana kila mwezi. Utaalikwa mapema, maana mwenye mshahara mpya hupendwa. Soma kwanza mkataba wako. Kama ni wa msimu na unaisha Machi, usiingie mchezo unaomalizika Juni. Ukipokea Januari kisha ukaondoka, kijumbe atakutafuta mpaka Boma Ng'ombe.