Rimu mpya, usukani unatetemeka: maswali yenu ya wiki hii

Kaka, nimefunga rimu za sport kwenye Mark X, nikifika tisini usukani unatetemeka. Balansi (kusawazisha uzito wa tairi) nimefanya mara mbili. Shida nini?

Pole sana ndugu yangu. Kabla hujatoa hela ya balansi ya tatu, fungua tairi uangalie lile tundu la katikati ya rimu. Habu, yaani kile kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, kwa Mark X ina kipenyo cha milimita 60.1, ila rimu nyingi za dukani wanazitoboa kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie kwenye magari mengi, sasa hapo una nafasi ya karibu milimita 13 na rimu imebaki inategemea nati tu kukaa katikati. Fundi akikaza nati moja mpaka mwisho ndo aende nyingine, rimu inakaa upande, jicho halioni ila usukani unakwambia. Tafuta ringi za habu za kuziba nafasi hiyo, nje ziwe saizi ya tundu la rimu, ndani 60.1. Upime kwa kalipa, kile kipimo cha kubana cha milimita, usikisie! Ringi ya saizi yake unaisukuma kwa dole gumba inaingia kwa kubana kidogo, ikichezacheza rudisha dukani.

Nati za rimu orijino za Toyota nitumie hizohizo?

Hapana, tafadhali. Zile zina shingo na washa bapa, na matundu ya rimu nyingi za dukani yana umbo la koni, kwahiyo washa inagusa ukingo tu na nati inalegea njiani. Nunua nati za koni. Na usiazime za Subaru kisa zinafanana, Toyota ndogo ni M12 (unene milimita 12) uzi 1.5, Subaru ni M12 uzi 1.25, ukilazimisha unakata stadi, zile bolti za habu zinazoshika nati. Anza kwa vidole siku zote, na ihesabu, kwa Toyota nati izunguke si chini ya mara 8 kabla haijabana.

Fundi wangu anafunga kwa mashine ya upepo dakika tano kamaliza. Ni sawa?

Mimi hapo sikubali kabisa, kwa haraka hiyo habu haisafishwi. Juzi nimefungua Toyota IST ya dada mmoja, uso wa habu ulikuwa na kutu imevimba kama magamba ya samaki, na rimu mpya ikafungwa juu yake hivohivo. Hiyo rimu hailali bapa hata ukaze vipi. Piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane, futa vumbi, usipake grisi kwenye uzi wa stadi. Kaza kwa mkono tairi likiwa juu, kwa kuruka nati kama unachora nyota, shusha gari, malizia na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Toyota hizi ndogo ni 103 Nm.

Nikishafunga vizuri nirudi tena gereji?

Rudi ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, rimu ikiwa imepoa, kaza tena kwa kipimo kilekile. Ukikuta nati imezunguka hata robo, fungua tairi hilo lote ukague.