Usiamini kitone cha ramani, soma lebo

Ndugu zangu mnaoniuliza kuhusu rekodi za mahali ilipochumwa Lobelia wollastonii, lile ua la buluu ya zambarau la juu kabisa mlima Rwenzori, mimi nawaambia kitu kimoja: achaneni kwanza na ramani ya mtandaoni yenye kitone kila ua lilipochumwa, fungueni picha ya karatasi ambayo mmea wenyewe umebandikwa halafu msome lebo.

Kile kitone mara nyingi kimewekwa na mtu wa ofisini miaka mingi baada ya ua kuchumwa, maana wachumaji wa zamani hawakuwa na GPS, waliandika tu "Ruwenzori, Bujuku Valley" na urefu wa pale kutoka usawa wa bahari, basi. Nimeshaona kitone kimeangukia huku chini tambarare kwenye joto la Kasese, wakati lobelia hii ni ya baridi kali na ukungu! Sasa mtu akichukua hiyo data akachora nayo jinsi ua linavyohama, si atadanganya watu.

Namba ya urefu nayo iangalie vizuri. Ukikuta 12,500 hiyo ni futi, yaani kama mita 3,810, manake kilele cha Margherita chenyewe, kirefu kuliko vyote Rwenzori, ni mita 5,109 tu. Na tafuta kwa spelingi zote mbili, Rwenzori na Ruwenzori, na ukiona Toro jua wilaya ya zamani ilikuwa kubwa, Kasese ya leo ilikuwa ndani yake. Ile U2 utakayoikuta kwenye lebo pia sio msimbo wa siri, ni kanda ya magharibi ya Uganda kwa mgawanyo wa wataalamu wa mimea ya Afrika Mashariki.

Halafu usihesabu haraka. Mchumaji anachuma mmea mmoja anagawa vipande kwa hebariamu, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, kimoja Kew kule Uingereza, kingine Nairobi, kingine Makerere, kwenye data unaona rekodi tatu kumbe ni ua moja, kwa hiyo linganisha jina la mchumaji, namba aliyoupa mmea na tarehe. Na mlima tunagawana na Kongo, mimea waliyochuma Wabelgiji mingi iko hebariamu ya Meise kule Ubelgiji, ukichuja Uganda peke yake unaupoteza upande mzima wa magharibi.

Hili la mwisho linaniuma sana: mahali patupu kwenye ramani sio kwamba ua halipo. Wengi walipanda njia ileile ya Mubuku na Bujuku, tena miezi ya kiangazi, Januari au Julai, ndo maana rekodi zinajaa hapo. Mabonde ya pembeni nani alienda?

Ukipata nafasi nenda hebariamu ya Makerere ukaone kwa macho yako, shika karatasi kwa mikono miwili, usiigeuze kifudifudi kama kurasa za kitabu, petali zinavunjika. Na ukikuta kitone kimekosewa waandikie wanaotunza hiyo sampuli, weka namba ya bakodi na maneno ya lebo kama yalivyo.