Kwa mwalimu mpya: usianze kwa kuwagawa watoto

Wanachuo wanaokuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha karibu wote huniuliza swali moja. Nitamjuaje anayejifunza kwa kuona, anayejifunza kwa kusikia na anayejifunza kwa kutenda, ili kila mmoja nimfundishe kwa njia yake? Nia ni njema, na mwalimu mwenye nia hiyo namtaka kuliko yule anayesema "hawa hawashiki" kabla hata chaki haijaisha mkononi. Ila kazi yenyewe haianzii hapo.

Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa vyuo vikuu vya Marekani, walizipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo aliopangiwa. Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye nadharia yake ya akili nyingi ya mwaka 1983, inayosema mtu ana akili za aina kadhaa na si moja, mnaisoma vyuoni, naye ameshaeleza kwamba watu wanaichanganya na mitindo ya kujifunza. Kwa hiyo msipoteze wiki ya kwanza mkigawa dodoso. Watoto wanatofautiana, tena sana, lakini zaidi katika wanachokijua tayari, lugha waliyotoka nayo nyumbani, macho, masikio, na kama asubuhi wamekunywa uji au hawakunywa.

Tazama kusoma. Darasa la kwanza watakuimbia chati ya silabi bila kukosea: ba be bi bo bu, da de di do du. Mgeni akipita dirishani atasema hapa watoto wanasoma. Sasa anza kuonyesha kwa fimbo bila mpangilio: bo, di, ba, du. Sauti nyingi zinakatika hapo hapo. Wape wanaojua kitu cha kuandika, kisha waite wengine mezani mmoja mmoja. Huyu wa kwanza herufi "b" anaigeuza kuwa "d". Wa pili anazijua herufi zote ila kuziunganisha hawezi. Wa tatu anatamka "daraja" vizuri kabisa, ukimuuliza daraja ni nini anakutazama tu, maana kwao wanazungumza Kisukuma na Kiswahili kimemkuta shuleni. Kwenye kumbukumbu za darasa wote watatu wameandikiwa kitu kimoja: hajui kusoma.

Huyu wa kwanza mwache na "b" peke yake siku kadhaa, aiandike kwa kidole mchangani huku akitamka sauti yake, "d" ije baadaye. Wa pili mpe kadi za manila zenye silabi, azisogeze mezani mpaka zikutane na neno lisikike. Wa tatu anahitaji picha, kitu chenyewe, au mwenzake wa kumweleza kwa lugha ya nyumbani. Najua Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia na sina ugomvi na hilo. Lakini neno moja la Kisukuma linalomfikisha mtoto kwenye maana halijawahi kubomoa shule.

Utaniambia: mwalimu, nina watoto tisini. Kiwango rasmi cha shule ya msingi hapa Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi yamefurika. Ndiyo sababu sishauri maandalio matatu ya somo kwa makundi matatu. Andaa somo moja lenye milango kadhaa, na kila mtoto apite kwenye yote.

Mfano ni kutoa kwa kuchukua, 42 kutoa 17. Utawakuta wengi wameandika 35, kwa sababu wametoa kidogo kwenye kikubwa: 7 kutoa 2, basi. Usirudie kueleza kwa sauti ya juu zaidi, hilo halisaidii. Waambie siku moja kabla waje na vijiti, wavifunge kumi kumi kwa kamba za mgomba. Mbele yao kuna mafungu manne na vijiti viwili vilivyolegea. Waambie watoe saba. Watatazamana, halafu mmoja atafungua fungu. Hapo ndipo somo lilipo, acha kelele ziwepo kidogo. Baadaye wachore walichofanya, kisha waandike kwa tarakimu, kisha mmoja amweleze jirani yake kwa maneno kwa nini nne imekuwa tatu. Anayemaliza mapema usimpe hesabu kumi zaidi za aina ile ile. Mwambie atunge moja ya dukani.

Wiki inayofuata, kabla ya mada mpya, uliza maswali mawili ya 42 kutoa 17 na ndugu zake, madaftari yakiwa yamefungwa. Kujikumbusha kwa kujiuliza, na kurudia baada ya siku kadhaa, kunamfaa karibu kila mtoto, awe wa "kuona" au wa "kusikia".

Kuna watoto ambao vijiti havitawatosha, na dalili zao ziko wazi ukizitafuta. Anayenakili vibaya kutoka ubaoni lakini vizuri kutoka daftari la jirani, macho yake yapimwe. Anayeangalia wenzake kwanza ndipo atii amri, au ambaye sikio linatoa usaha mara kwa mara, simama nyuma yake umnong'oneze jina, kisha ongea na mzazi ampeleke kituo cha afya. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, na miwani peke yake mara nyingi haimalizi tatizo. Akae mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, aruhusiwe kusimama na kusogea ubaoni, na wewe andika herufi kubwa kwa chaki nyeupe au ya njano. Chaki ya bluu kwenye ubao uliochakaa hata mimi sioni.

Usijifanye daktari, wala usimbandike mtoto jina la usonji au disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma) kwa sababu umesoma kurasa mbili. Tafuta mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Wapo waliopita Chuo cha Patandi kule Arusha. Kama shuleni kwenu hayupo, pitia kwa mwalimu mkuu kwenda kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri.

Jambo hili wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu, na huruhusu muda wa ziada, lakini lazima shule iwe imeeleza hitaji la mtoto wakati wa usajili. Usisubiri darasa la saba. Weka daftari dogo, kila mtoto mwenye shida nusu ukurasa: nini kinamkwamisha, nini umejaribu, nini kilisaidia, tarehe. Wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, wakija, lionyeshe pamoja na maandalio yako. Ukihamishwa, mkabidhi anayepokea darasa mkononi, usiliache kabatini.